Rafiki yangu, daktari wao

Siku niliyojishtaki mwenyewe kwa wizi wa mtihani ilikuwa ya Desemba, mjini Voronezh, Urusi. Nilikuwa na miezi mitatu ya Kirusi kichwani na soksi mbili mbili miguuni. Tulikuwa podfak, mwaka wa maandalizi ambao wanafunzi wa kigeni huupitia kabla ya kuingia chuo chenyewe. Nilimaliza insha yangu ya ukurasa na nusu, nikampelekea mwalimu karatasi, nikamwambia kwa kujiamini kabisa: "Ya vsyo spisala!"

Nilitaka kusema nimeandika yote. Mwalimu, mama wa makamo, alivaa miwani yake iliyokuwa ikining'inia kifuani, akanitazama, kisha akauliza taratibu: "U kogo?" Yaani, kutoka kwa nani?

Kumbe "napisala" ndiyo nimeandika. "Spisala" ni nimenakili, nimemwibia jirani. Kiambishi kimoja mwanzoni mwa kitenzi, nami nikawa mwizi. Baadaye, aliponihurumia, mwalimu alinichorea ukoo mzima wa kitenzi "pisat" ubaoni: "perepisat" ni kuandika upya, "podpisat" ni kutia saini, "zapisat" ni kuandika jambo usije ukalisahau, "vypisat" ni, pamoja na mengine, kumruhusu mgonjwa atoke hospitali. Nikauliza: na hiyo "na-" ya "napisat" ina maana gani? Akasema haina maana. Inaonyesha tu kwamba tendo limekamilika. Basi kwa nini ni "na-" na siyo "po-" au "s-"? Akajibu kwa neno ambalo kila aliyesoma Urusi analijua: "Zapomnite." Kariri.

Nikakariri. Nilikariri mwaka mzima, halafu miaka mitano ya famasia. Leo naishi Dar es Salaam na sehemu kubwa ya ugali wangu inatoka kwenye tafsiri: vyeti, ripoti za hospitali, mikataba. Ila lile swali halikuniacha, na ndilo lililonifanya nianze kufuatilia wanaisimu wa Kirusi wanafanya nini siku hizi, kama wengine wanavyofuatilia ligi.

Jibu nililolipenda lilitoka mbali, Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway. Huko Laura Janda na wenzake walikusanya karibu jozi 2,000 za vitenzi vya aina hii, kile cha tendo linaloendelea na kile cha tendo lililokamilika, wakahesabu viambishi vinavyodaiwa kuwa vitupu. Wakapata 16. Hapo tayari pana jambo la kutiliwa shaka. Kama ndoo zote ni tupu, kwa nini watu wabebe 16?

Hoja yao, iliyotoka kama kitabu mwaka 2013, ni kwamba kiambishi kinaonekana kitupu kwa sababu maana yake imelala juu ya maana ya kitenzi chenyewe, kama kivuli juu ya kivuli. "Na-" inahusu juu ya kitu, usoni pa kitu. Sasa tazama inakwenda na nani: "napisat", kuandika, "narisovat", kuchora, "namazat", kupaka. Yote ni matendo ya kuweka kitu juu ya kitu. "Raz-" ni ya kutawanyika, nayo inamchukua "delit", kugawanya, na "tayat", kuyeyuka. Kwa hiyo viambishi hivi vinapanga vitenzi katika makundi. Wao wanaviita viainishi vya vitenzi.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu sebuleni. Makundi yanayotambulika kwa viambishi vya mwanzoni? Sisi tumezaliwa humo! Ukimuuliza mtu "m-" ya "mtu" ina maana gani atakwambia haina, ni sehemu ya neno tu. Lakini toa "m-", weka nyingine: "jitu", "kijitu", "utu". Hapo ndipo unaona kwamba hata ile "m-" ilikuwa na kazi, ila ilikuwa imejificha kwa kuwa imekaa mahali pake. Mwalimu wangu angeniambia hivyo mwaka ule, kwamba vitenzi vyao vina kitu kama ngeli, ningemwelewa kwa dakika mbili.

Si wote waliokubali, na mimi mwenyewe nimekubali nusu. Kwa "na-" na "raz-" naona wameshinda. Kwa "po-", ambayo inabandikwa karibu kila mahali, naona bado wanasukuma gari lisilotaka kuwaka. Ila wana shahidi mzuri sokoni: vitenzi vipya. Kirusi kilipochukua "guglit", kutafuta kwenye Google, hakuna aliyeitisha kikao, na bado watu wakaanza kusema "zaguglit", "poguglit", "proguglit", kila mmoja akichagua kiambishi chake. Kumzuia mtu mtandaoni ni "zabanit". Kama viambishi ni vitupu, mtu anayetengeneza neno leo asubuhi anajuaje achukue kipi?

Swali la namna hii zamani lingejibiwa na profesa mmoja akiwa amekaa kitini, akijisikiliza mwenyewe. Sarufi kubwa ya Chuo cha Sayansi ya mwaka 1980, yenye juzuu mbili, iliyohaririwa na Natalia Shvedova, bado ndiyo inayowekwa mezani watu wakibishana. Lakini mwaka 2004 ilifunguliwa mtandaoni Kopasi ya Taifa ya Lugha ya Kirusi, hazina ya matini ambayo leo ina maneno zaidi ya bilioni moja: riwaya, magazeti, barua, mazungumzo ya watu, mashairi. Kila neno limewekewa alama za kisarufi. Unaweza kuiuliza: nipe kila mahali ambapo kitenzi hiki kimekanushwa, nioneshe nomino iliyofuata ilikuwa na mwisho gani, kati ya mwaka fulani na fulani. Mimi, mfamasia niliyeacha famasia, naweza kufanya hivyo kwa simu nikiwa kwenye foleni ya daladala Mwenge. Nimefanya.

Kabla ya kompyuta kuweza hayo, kuna mtu mmoja aliyefanya kazi ya punda. Andrey Zaliznyak, aliyefariki 2017, alitoa mwaka 1977 kamusi ya kisarufi yenye maneno karibu 100,000. Haielezi maana ya maneno. Kila neno limepewa msimbo mfupi unaokwambia litabadilikaje katika kila mwisho wake, na mkazo utahamia wapi. Na maneno yamepangwa kwa herufi za mwisho, kuanzia nyuma kwenda mbele, kwa sababu Kirusi kinabadilikia mkiani. Kamusi ya Kiswahili ya namna hiyo ingekuwa kichekesho, maana sisi mambo yetu mengi yako kichwani mwa neno. Programu nyingi za kusahihisha na kutafuta maneno ya Kirusi zilijengwa juu ya kazi ile.

Halafu mtu huyohuyo akageukia magome ya miti. Julai 26, 1951, mjini Novgorod, kibarua wa machimbo ya akiolojia aliyeitwa Nina Akulova aliokota kipande cha gome la beryoza, mti wao mweupe, chenye herufi zilizokwaruzwa. Tangu hapo zimepatikana zaidi ya 1,100 mjini humo. Ni barua za watu wa kawaida: madeni, ugomvi, posa, mtoto akijifunza herufi na kuchora farasi. Ninayoipenda ni ya karne ya 14, ya Boris kwenda kwa Nastasya. Anamwambia barua hii ikifika amtumie mtu juu ya farasi, maana huku kazi ni nyingi. Na amtumie shati, shati amelisahau.

Shati! Miaka 600 imepita na mume bado amesahau shati.

Wataalamu waliomtangulia Zaliznyak walizisoma barua nyingi za aina hii kama za watu wasiojua kuandika. Neno la "mtu", ambalo leo ni "chelovek", Boris ameliandika kwa sauti ya "ts", na hata neno la shati vilevile. Zaliznyak alikaa na yale yaliyoitwa makosa, akayapanga, akaonyesha kuwa yana utaratibu: ilikuwa lahaja ya Novgorod yenye kanuni zake, na baadhi ya kanuni hizo hazikulingana na lugha yoyote nyingine ya Kislavoni, ukoo wa lugha ambamo Kirusi kimo. Naona wengi wanaoichunguza sarufi ya Kirusi leo wanatembea njia hiyohiyo, ila wanawasikiliza walio hai.

Mfano ambao mimi hunigusa kila wiki kazini ni daktari.

Neno "vrach" ni la kiume kisarufi, hata daktari akiwa mama mwenye watoto wanne. Kwa hiyo kwa kufuata kitabu, "daktari alikuja" ni "vrach prishol", kwa umbo la kiume. Lakini Warusi wakimzungumzia daktari mwanamke husema "vrach prishla", kitenzi kikiwa cha kike. Miaka ya 1960 kundi la mwanaisimu Mikhail Panov lilituma dodoso kwa maelfu ya watu kuuliza wao wanasemaje, na kitenzi cha kike kilikuwa tayari kimekubalika kwa wengi. Kivumishi, hapana. "Khoroshaya vrach", daktari mzuri kwa umbo la kike, wengi waliikataa. Matokeo yake ni sentensi yenye miguu miwili: "nash vrach prishla", ambapo "wetu" ni ya kiume na "alikuja" ni ya kike, kwa mtu yuleyule, kwa pumzi moja.

Wazungu wengi hushangaa wakifika hapo. Mimi sikushangaa hata kidogo, kwa sababu kila siku nasema "rafiki yangu amekuja". Itazame vizuri. "Yangu" inamfuata rafiki kama inavyofuata nyumba au meza: nyumba yangu, meza yangu. "Amekuja" inamfuata kama mtu. Kimilikishi kinasikiliza neno, kitenzi kinamtazama mwenye jina. Ndugu zangu wamefika. Mama yangu amelala. Kweli tunasema "rafiki mwema", kwa hiyo mpaka wetu haukupita palepale walipopitisha wao, lakini mantiki ni moja.

Mwingereza Greville Corbett aliiandika mantiki hiyo mwaka 1979, na Kirusi kikawa shamba lake la maisha. Alisema kuna ngazi: kwanza sifa inayokaa ubavuni mwa nomino, kisha kitenzi, kisha kirejeshi, kisha kiwakilishi kinachokuja baadaye. Kadiri unavyoteremka ngazi ukaenda mbali na nomino, ndivyo maana inavyoshinda umbo. Katika kitabu chake juu ya jinsia za kisarufi cha mwaka 1991, Kirusi na Kiswahili vimo vyote viwili. Sijui kwa nini hakuna aliyeniambia hayo nikiwa podfak.

Ukishaona ngazi hiyo, unaanza kuuliza maswali ya ajabu. Kirusi, kwa mfano, kinatofautisha chenye uhai na kisicho nao pale nomino inapotendwa: "vizhu stol", naona meza, mwisho haubadiliki; "vizhu brata", naona kaka, mwisho unabadilika. Sasa maiti yuko wapi? Au ni iko wapi? Warusi wana maneno mawili. "Mertvets", mfu, kisarufi ana uhai. "Trup", maiti, hana. Malkia wa sataranji, "ferz", ana uhai: anapoliwa huwa "ferzya". Roboti naye amepewa. Virusi bado vinabishaniwa, na mtu anaweza kwenda kwenye kopasi akahesabu nani anasema hivi na nani vile. Kwetu sijaona aliyekaa akahesabu, lakini msibani nimesikia "maiti ameshaoshwa" na "maiti imeshaoshwa" katika uwanja mmoja, kutoka kwa watu wa familia moja, na nina hakika tofauti hiyo si bahati mbaya.

Kuna jozi moja ya sentensi ambayo imewaumiza wataalamu vichwa kwa miaka mingi. "Otets ne byl na more" na "Ottsa ne bylo na more." Zote mbili zina baba, bahari na kukanusha. Ya kwanza inamweka baba katika umbo la mtenda, na maana yake inakaribia baba hakwenda baharini, hakufika huko. Ya pili inambadilisha mwisho baba, inakigandisha kitenzi, na maana inakuwa: pale baharini, baba hakuwepo. Barbara Partee, Mmarekani, na mumewe Vladimir Borschev, Mrusi, waliifanyia kazi tofauti hii kwa miaka, wakapendekeza kwamba siri iko katika mahali unaposimama kutazama. Ukisimama na baba, unafuatilia safari zake. Ukisimama ufukweni, unaangaza macho: nani yupo, nani hayupo.

Nilijaribu kumweleza mdogo wangu, ambaye hajui Kirusi hata cha kuombea maji. Nikamwambia: "Mgeni amesimama mlangoni." Akaitikia. Nikamwambia: "Mlangoni pamesimama mgeni." Akageuka kutazama mlango.

Basi ndiyo hiyo.

Mengine nayapitia haraka, ingawa kila moja ni shamba. Kuna wanaokwenda pembezoni mwa Kirusi, Dagestan, ambako watu huzungumza Kirusi juu ya lugha zao za milimani, au Ninilchik, kijiji cha Alaska kilichoanzishwa na wafanyakazi wa kampuni ya Kirusi na wake zao wa Kialutiiq kabla Urusi haijaiuza Alaska kwa Marekani mwaka 1867. Andrej Kibrik na Mira Bergelson waliwakuta huko wazee wachache wenye Kirusi kilichoachwa na meli. Jinsi ya tatu, isiyo ya kike wala ya kiume, ilikuwa imepotea, na ya kike imefifia. Maria Polinsky ameona jambo la jamaa kwa watoto wa Kirusi waliokulia Marekani: wengine hubaki na jinsi mbili kati ya tatu. Mwenye shangazi ughaibuni anayelalamika kwamba wanawe wanasema "kitabu yangu" ataelewa bila maelezo.

Na kuna siasa. Tangu mwaka 2022 baadhi ya wanaisimu wa Urusi wamehama, na sarufi yenyewe imeingia vitani. Ubishi wa "v Ukraine" au "na Ukraine", njia mbili za kusema "huko Ukraine", ni wa zamani. Serikali ya Ukraine iliomba "v" tangu mwaka 1993, kwa kuwa ndiyo inayotumika kwa nchi nyingi, ilhali "na" ina harufu ya jimbo au eneo. Janda na wenzake wamekwenda mbali zaidi: walichukua hotuba za Putin za wakati wa uvamizi wa Ukraine, wakahesabu majina Urusi, Ukraine na NATO yanakuja na mwisho gani, la mtenda, la mtendwa, la chombo au la mahali, kisha wakalinganisha na matini za kawaida. Hawakuhitaji neno moja la matusi. Walitazama mikia tu: nani katika hotuba hizi anatenda, na nani amegeuzwa kuwa mahali ambapo mambo yanatendeka.

Hata kompyuta zinafanyishwa mtihani sasa. Mwaka 2024 ulitoka mkusanyo uitwao RuBLiMP, wa jozi 45,000 za sentensi, moja sahihi na nyingine yenye kosa dogo, ili kuona kama programu za lugha zinahisi tofauti. Nilisoma nikamkumbuka mwalimu wangu na miwani yake. Yeye angeisahihisha hiyo mitihani kwa kalamu nyekundu, usiku mmoja, na chai.

Mwezi uliopita nililetewa ripoti ya hospitali niitafsiri kwa ajili ya mgonjwa anayepelekwa Urusi kutibiwa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri: "Daktari anayemtibu aliagiza kipimo kingine." Chini pana saini na herufi mbili za jina. Kwa Kiswahili hapo hakuna tatizo. Kwa Kirusi siwezi kuandika "aliagiza" bila kujua ni mwanamume au mwanamke, au niamue kutojali. Nikapiga simu hospitali.

"Samahani dada, huyo daktari ni mwanamke au mwanamume?"

Kimya. "Unataka kujua ili iweje?"

Nikajieleza, nikazidi kuharibu. Mwishowe akaniambia, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha, kwamba ni mama. Nikaandika kwa furaha "lechashchiy vrach naznachila": sifa ya kiume, kitenzi cha kike, ngazi ya Corbett imenyooka kama reli. Nikaituma Voronezh kwa mwenzangu tuliyekaa naye bweni moja, ambaye hunipitishia jicho kazi zangu za hospitali.

Ikarudi asubuhi. Alikuwa amefuta "naznachila" na kuweka "naznachil", ya kiume, na pembeni ameandika kwamba kwenye hati rasmi ndivyo inavyotakiwa. Chini yake akaacha ujumbe wa sauti wa dakika tatu, akisimulia mgongo unavyomsumbua na jinsi alivyokwenda kupima. Nimeurudia mara nne ili nisikosee. "Moya vrach," anasema, daktari wangu, kivumishi kikiwa cha kike kabisa, kile ambacho miaka ya 1960 watu walikikataa, "moya vrach skazala, hakuna kubeba kitu kizito hadi Aprili."